Salamu Zilizopigwa Marufuku Uani

Haya alinisimulia fundi cherehani mwenyewe, siku aliyoniletea sare za wajukuu wangu, shule zilipokuwa zinakaribia kufunguliwa. Sketi moja ilikuwa imezidi urefu, akakaa hapo hapo kwenye mkeka akaanza kufumua pindo, na mkono ukiwa kwenye pindo mdomo ukaingia kwenye habari. Nimeiandika kama alivyoniambia. Alipocheka nilicheka naye, na aliponyamaza sikumharakisha.

Fundi alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba kubwa ya wapangaji, ile aina ya nyumba yenye korido katikati, milango inatazamana, na nyuma kuna ua wenye bomba moja, choo kimoja na kamba za kuanikia. Chumba chake kilikuwa cha kwanza mbele, na nje ya dirisha lake ndiyo kulikuwa na baraza. Hapo barazani aliweka cherehani yake ya miguu ya chuma. Mpita njia akichanika suruali, anamwona. Mama akitaka gauni la shughuli, anamwona. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa leo yuko huku kesho yuko kule, kwa hiyo chakula cha kila siku kilitoka kwenye ile baraza. Mwenyewe alikuwa akisema, "Chumba hiki bila baraza kwangu ni kabati la nguo."

Alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa darasa la pili, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Fundi hakumlea kwa pipi wala kwa sifa. Akiona mteja amesimama, anamuuliza, "Chiriku, macho yako yameona nini?"

Chiriku anatazama huku na huku. "Yameona mama amesimama, na kigoda nimekikalia mimi."

"Haya, na makalio yako yanasemaje?"

Chiriku anacheka, anainuka, anakipangusa kigoda kwa sketi yake na kumsogezea mgeni. Basi. Hakuna makofi, hakuna "mtoto mzuri." Fundi anaendelea kukanyaga cherehani yake kama hakuna kilichotokea, maana kwake ilikuwa hivyo, hakuna kilichotokea, ni jambo la kila siku kama kunawa uso. Ndivyo Chiriku alivyojifunza kuamkia kila mtu mzima, kumshika mkono mtoto wa jirani yao kinyozi wakivuka mtaro, na kumwokotea Mama Dobi vibanio vya nguo vikidondoka.

Mama Dobi alikaa chumba cha mwisho, kile kinachopakana na ua. Mwanamke mtu mzima, mrefu, vidole vyake vimekunjamana kwa sabuni, na ulimi wake si wa kuazima. Alifua na kupiga pasi nguo za watu wa mtaa mzima. Alijua nani ana shuka moja na nani anajifanya ana mbili, ila hakumwambia mtu. "Nguo za watu ni siri za watu," alikuwa akisema. "Mimi naondoa uchafu, siutangazi."

Sasa balaa lilianza siku ya posa ya binti wa Mwenye Nyumba.

Mwenye Nyumba alikuwa mjane mwenye sauti kubwa, aliyejenga nyumba ile tofali kwa tofali na kila tofali alilikumbuka. Binti yake huyo ndiye wa pekee. Siku ya posa akaamka asubuhi na mapema akapita akiamuru. Fundi asukume cherehani pembeni. Kinyozi afagie mbele. Mama Dobi aondoe nguo zote kwenye kamba ya mbele, maana wageni watapokelewa barazani na hataki wapite chini ya suruali za watu. Mama Dobi akaondoa. Akazipeleka uani nyuma, akazianika zote, kisha akajitwisha furushi la nguo zilizopigwa pasi akaenda kuzigawa kwa wenyewe.

Wageni wakafika. Jua nalo likafika, likapiga baraza ile mpaka saruji ikawa inachoma. Mwenye Nyumba akasema, "Ah, jamani, karibuni nyuma uani, kule kuna kivuli." Viti vikabebwa, mikeka ikabebwa. Nani akakumbuka nguo? Hakuna. Wageni wakakaa chini ya kamba.

Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, bwana mkubwa wa suti nyeusi na tai, mwenye kukohoa kwanza kabla ya kila sentensi. Akasimama. Akakohoa. Akasema, "Sisi ni ukoo unaojiheshimu..." Upepo ukavuma, na kitu kikamgusa kisogoni. Akageuka. Ilikuwa kaptula ya ndani, pana kama pazia, nyuma imetiwa kiraka cha maua mekundu.

Fundi aliniapia kuwa mpaka hapo hakuna aliyejua. Kaptula ni kaptula, ingeweza kuwa ya mteja yeyote wa Mama Dobi. Angeisogeza kwa mkono akaendelea na ukoo wake unaojiheshimu, posa ingeisha salama. Lakini bwana mkubwa alipandwa na hasira, akapiga kelele, "Nani ameianika nguo yangu hapa?"

Mama yangu! Kwanza mtoto mmoja akacheka puani. Halafu shangazi mmoja wa upande wao wenyewe akashindwa kujizuia. Baada ya hapo ilikuwa hakuna wa kumshika mwenzake. Mjomba akatoka akitweta, ukoo ukamfuata, na jioni ikaletwa habari kwamba posa imekufa, wao hawaoi kwenye nyumba inayodhalilisha watu wazima.

Mwenye Nyumba hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Kesho yake asubuhi alisimama kwenye ngazi ya mlango wa uani, wapangaji wako bombani na ndoo zao, Mama Dobi ametoka kuchukua nguo chafu. Fundi alikuwa pale akimpima mke wa kinyozi gauni, midomo imebana pini.

"Yule mwanamke wa chumba cha mwisho," Mwenye Nyumba akasema, "simfukuzi. Nikimfukuza watasema nimemwonea. Ila kuanzia leo hakuna kumsemesha. Hakuna kumwamkia, hakuna kumwitikia, hakuna kumwazima hata kiberiti. Watu wazima na watoto. Atachoka, ataondoka mwenyewe. Na anayeona ana huruma sana, huyo akatafute chumba pengine akahurumie huko. Mmenisikia?"

Watu wakatazama ndoo zao. Fundi naye akatikisa kichwa kukubali. Baadaye alijitetea moyoni kwamba alikuwa na pini mdomoni, asingeweza kusema. Lakini kichwa hakikuwa na pini.

Mama Dobi aliporudi alijua papo hapo. Alisema, "Hamjambo nyote?" Hakuna aliyejibu. Akazungusha macho, sura kwa sura, kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti kubwa, "Hatujambo, Mama Dobi, karibu! Asanteni, nimekaribia." Akaingia chumbani kwake. Na kila asubuhi akawa anafanya hivyo hivyo: anatoka, anawaamkia, anajiitikia, anajaza ndoo yake. Wapangaji wakimwona anakuja walikuwa wanaziondoa ndoo zao bombani kama kapita mgonjwa.

Chiriku siku ya kwanza hakuwa na habari. Alitoka na mfuko wake wa shule, akapita uani, akaimba kama kawaida yake, "Shikamoo, Mama Dobi!"

"Marahaba, mwanangu," Mama Dobi akasema, polepole, akitazama kule kwenye ngazi.

Fundi alimvuta mtoto kwa mkono mpaka chumbani, akafunga mlango.

"Usimwamkie tena yule."

"Nani? Mama Dobi?"

"Eh."

"Kafanya nini?"

"Amemkosea Mwenye Nyumba."

Chiriku akafikiri. "Mimi hajanikosea."

"Chiriku, nimesema."

"Kwani Mwenye Nyumba ndiye anayegawa shikamoo?"

Fundi alikosa la kusema, na mama akikosa la kusema anapandisha sauti. Akamwambia wakifukuzwa hapa watalala wapi, cherehani itakaa wapi, uji wa asubuhi utatoka wapi. Akamtisha mpaka macho ya mtoto yakawa makubwa. Usiku huo mumewe alipopiga simu kutoka njiani, naye akatia mkazo: "Mke wangu, tulia kabisa. Nisije nikarudi nikakuta mashine iko barabarani. Ugomvi wa kaptula hautuhusu." Fundi akaona basi, amefanya la busara.

Chiriku akatii. Hilo ndilo lililomuuma Fundi baadaye, jinsi alivyotii vizuri. Asubuhi alikuwa anapita uani amekaza shingo, anatazama ukuta. Kibanio kikadondoka miguuni pake, akakiruka. Fundi alimwona akikiruka. Mama Dobi akainama mwenyewe, mkono kiunoni, akakiokota, akakiambia, "Wewe usijali, nguo nazo huwa hazinijibu, nimezoea." Fundi akageuka kutazama uzi wake.

Siku zikapita, na sasa ngoja, hapa ndipo penyewe.

Ilikuwa mchana, watoto wametoka shule, wanacheza pembeni mwa baraza. Fundi anashona kola. Masikio ya mama anayeshona yako mawili, moja la kazi na moja la watoto, na lile la watoto likasikia kwamba pamenyamaza. Akainua macho.

Watoto walikuwa wamechora duara kwa mkaa. Katikati ya duara wamemkalisha Kitumbo, mtoto wa kinyozi, yule mdogo kuliko wote, ambaye bado kusema "r" ni kazi. Wenyewe wamesimama nje ya duara, wamempa mgongo.

"Chiliku," Kitumbo akaita, "nataka maji."

Kimya.

"Chiliku?"

Chiriku akatazama juu, kama mtu anayetafuta mvua. Kitumbo akanyanyuka, akaenda kumshika sketi. Chiriku akaitoa sketi yake mkononi mwake, taratibu, bila kumtazama. Mtoto akamwendea wa pili, wa pili akasogea. Wa tatu akasogea. Kitumbo akarudi katikati ya duara, akakaa chini, akaanza kulia, si kile kilio cha kuanguka, bali kile cha chini chini cha mtu asiyejua amefanya nini.

Mmoja wao akataka kugeuka. Chiriku akaweka mikono kiunoni na kusema, "Mwache! Usimsemeshe. Atachoka, ataondoka mwenyewe."

Sindano ilipita nje ya kola, ikashona hewa. Fundi alisema aliisikia ile sentensi kama mtu anayesikia sauti ya mwizi ndani ya chumba chake mwenyewe.

"Chiriku! Njoo hapa."

"Tunacheza tu, mama."

"Mchezo gani huo?"

"Mchezo wa Mama Dobi. Anayekuwa Mama Dobi, hakuna kumwitikia mpaka achoke aende zake, halafu anakuwa mwingine."

"Na nani kawafundisha mchezo huo?"

Chiriku akamtazama mama yake kwa mshangao wa kweli. Hakuwa anajibu kwa jeuri. Alikuwa anaulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Nyinyi," akasema.

Fundi aliinuka. Alimbeba Kitumbo akamnywesha maji, akamfuta kamasi kwa kipande cha kitambaa. Akarudi, akakaa, mguu usikanyage. Miaka yote alikuwa amemfundisha mtoto huyu kuona mtu amesimama, kuona kibanio kimeanguka, kuona mdogo anaogopa mtaro. Kisha siku moja tu, kwa mlango uliofungwa na sauti iliyopandishwa, amemfundisha kutokuona. Na hili la pili mtoto amelishika haraka zaidi. Kama ni kuhama, akawaza, chumba kingine kitapatikana. Baraza nyingine itapatikana, hata kama ni kivuli cha ukuta. Mtoto huyu nikimharibu, wa kunitengenezea nitampata wapi? Mimi natengeneza nguo tu.

"Chiriku," akasema, "lile nililokukataza, nilikosea. Tunakwenda kuliondoa sasa hivi, na watu wote watuone."

"La Mama Dobi?"

"La Mama Dobi."

"Tutafukuzwa?"

"Huenda."

"Na cherehani?"

"Cherehani ina miguu. Vaa viatu."

Ilikuwa saa ile ya maji, ua umejaa. Mke wa kinyozi yupo, muuza mkaa, mpangaji mwenzao, yupo, Mwenye Nyumba kakaa kwenye ngazi yake anachambua mchele. Mama Dobi kainamia beseni lake kule kwenye kona aliyoachiwa. Fundi alipita katikati ya ndoo, kamshika mtoto mkono, na hakupunguza sauti.

"Shikamoo, Mama Dobi!"

Mama Dobi aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani kuna Mama Dobi mwingine.

"Shikamoo, Mama Dobi!" Chiriku naye akadaka, sauti imepanda juu kwa woga na furaha.

Mama Dobi akafuta mikono kwenye kanga, upande huu, upande ule, kama mtu anayepewa kitu asichotaka kukilowesha. "Marahaba," akasema. Kisha akasema tena kwa sauti, "Marahaba, wanangu. Mmeamkaje?" Ilikuwa mchana, lakini nani angemsahihisha.

Sinia la mchele likawekwa chini.

"Wee Fundi! Masikio yako yana pamba?"

"Hayana, mama. Yalikusikia vizuri. Mimi ndiye nimekataa."

"Umekataa?" Mwenye Nyumba akasimama. "Umekataa nyumbani kwa nani? Nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yako. Ukuta wako, bati lako, bomba lako. Mimi nimepanga chumba na kodi nalipa. Mdomo wa mwanangu sikuuweka rehani."

Muuza mkaa alisema "Eeh!" kabla hajajizuia, kisha akajifanya anakohoa.

"Kwa hiyo umekuja kunifundisha adabu? Mimi? Umri wangu huu?"

"Namfundisha mwanangu. Wewe umesimama karibu tu."

"Fundi!" mke wa kinyozi akanong'ona, "acha, basi, shoga, inatosha."

"Haitoshi. Mwanao leo amekalishwa kwenye duara, analilia maji, na wenzake wamempa mgongo. Mwanangu ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Nilimuuliza nani kamfundisha, unajua alinijibuje? Alisema ni sisi. Wewe, mimi, sote tulioshika ndoo hapa. Haya, niambie nimwache mpaka afike wapi?"

Mke wa kinyozi akaiweka ndoo chini.

Mwenye Nyumba akakung'uta punje za mchele kwenye kanga yake. "Sawa," akasema. "Una ulimi mzuri. Sasa toa lile dude lako barazani kwangu. Leo hii. Na mwezi ukiisha uniachie chumba."

"Natoa," Fundi akasema. "Chiriku, twende tukatoe."

Cherehani ya miguu ya chuma si kitu cha mwanamke mmoja na mtoto. Waliinua upande mmoja, upande wa pili ukagoma. Fundi akabadilisha mikono, akavuta, miguu ikakwaruza saruji kwa kelele za kukera meno. Ndipo mikono mingine ikaja upande wa pili, mikono yenye vidole vilivyokunjamana. "Sema moja, mbili," Mama Dobi akasema. "Mimi nimenyanyua mabeseni maisha yangu yote, hili nalo litanishinda?"

Wakasema moja, mbili. Ikainuka, ikayumba, na kabla haijawaangukia, mtu wa tatu akadaka gurudumu. Alikuwa binti wa Mwenye Nyumba.

"Wewe!" mama yake akapiga kelele kutoka koridoni. "Unasaidia watu waliokuharibia?"

Binti yule alikuwa mpole, kwa muda wote ule hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema huku amebeba chuma, shingo imekaza, "Mama, nani kaniharibia? Mtu wa kumwacha mchumba kwa sababu ya kaptula ya mjomba wake, si bora ameniacha mapema?"

"Nyamaza!"

"Na wageni nani aliwapeleka uani? Si wewe? Mama Dobi alizitoa mbele kama ulivyomwambia. Sote tulikuwepo, mama. Kila mtu hapa anajua, ila kila mtu anaogopa chumba chake."

Cherehani ilipitishwa mlangoni kiubavu, ikaingizwa chumbani, ikajaa nafasi yote kati ya kitanda na ukuta. Waliotoka nje walilazimika kupanda kitandani ili wapite.

Na nje ndiko kulikokuwa na jambo. Watoto wa nyumba nzima walikuwa wamefuata ile shughuli, na watoto ukiwaonyesha mlango uko wazi huwahitaji kuwasukuma. Kitumbo ndiye wa kwanza. Akasimama mbele ya Mama Dobi, tumbo mbele, akasema, "Shikamoo." Wa pili akadakia, na wa tatu, wakawa kama kuku wamemwagiwa mahindi, "Shikamoo! Shikamoo, Mama Dobi! Mimi hujaniitikia!" Na Mama Dobi anaitikia, anageuka huku anageuka kule, "Marahaba, marahaba, wewe nishakuitikia, mwizi wewe, ondoka hapo!" Mke wa kinyozi alikuja kumchukua mwanawe, akamshika mkono, kisha badala ya kuondoka akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama. Tulikukosea." Muuza mkaa yeye hakuomba msamaha, hakuwa mtu wa maneno hayo. Alisema tu, "Dada, ukihitaji mkaa wa pasi, upo."

Mwenye Nyumba aliingia chumbani kwake na kubamiza mlango.

Jioni Fundi alimwogesha mtoto, wakala, hakumpigia mumewe simu. Akajisemea, ataambiwa akifika, na akinuna atanuna akiwa amekaa. Kesho atatafuta kivuli mtaani cha kushonea, na mwezi ukiisha watahama. Alishangaa kwamba hakuwa na hofu. Alikuwa na hasira bado, hasira safi, ile inayomfanya mtu akae wima.

"Mama," Chiriku akasema akiwa kitandani, "kesho nimwamkie na Mwenye Nyumba?"

"Nani kakukataza?"

"Lakini anatufukuza."

"Atufukuze. Wewe mwamkie."

"Asiponiitikia?"

"Unafanya kama Mama Dobi. Unajiitikia, unakwenda shule."

Chiriku akacheka mpaka akajifunika shuka. Hapo hapo mlango ukagongwa, na haukusubiri jibu. Mwenye Nyumba alisimama kizingitini, kanga begani, anaitazama cherehani jinsi ilivyojibana kati ya kitanda na ukuta.

"Hili dude linanikwaruzia sakafu," akasema.

"Ulisema nilitoe barazani."

"Nilisema. Sikusema uniharibie sakafu. Kesho ulitoe humu."

"Nilipeleke wapi, mama?"

"Ulipolitoa!" Akasema kama anatukana. "Kwani mimi nina pengine pa kuliweka?"

Fundi alimtazama. Angeweza kushukuru, na mtu mwingine angeshukuru. "Na ile ya mwezi ukiisha?"

"Usinisumbue na miezi." Mwenye Nyumba akavuta kanga yake. "Ila jua moja. Yule mwenzako sijamsamehe."

"Hujaombwa kumsamehe. Ukipita, mwitikie tu. Watoto wanatazama."

"Umeshaanza tena kunifundisha."

"Eh," Fundi akasema. "Safari hii ndiyo."

Mwenye Nyumba akaenda zake, ndala zikipiga sakafu ya korido mpaka mlangoni kwake. Fundi alingoja asikie mlango ukibamizwa. Ulifungwa kawaida.

Alipogeuka, Chiriku alikuwa ameshalala, mdomo wazi, mguu mmoja umeteleza nje ya shuka ukakaa juu ya kanyagio la cherehani. Kila alipopumua mguu ulisukuma kidogo, na gurudumu likageuka kidogo, likirudi, likienda, bila uzi. Kule mwisho wa korido pasi ya Mama Dobi iligonga meza mara ya mwisho, na taa yake ikazimwa. Ya Mwenye Nyumba nayo ikazimwa. Fundi akapanda kitandani kwa kupitia upande wa miguu, maana pengine hapakuwa na njia, akauondoa mguu wa mwanawe kwenye kanyagio na kuufunika. Alitaka kuwaza ya kesho, ila mgongo ulikuwa umechoka kwa chuma. Akajiegemeza ukutani hivyo hivyo alivyokaa, na usingizi ukamchukua.